U ya Mugeni

"Tafuta tena! Hukutafuta vizuri."

"Nimetafuta, Mama Provia. Hiyo hapo. Inasema hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna Mugeni."

"Hakuna Mugeni, na mimi nimesimama hapa na miguu yangu yote miwili?"

Binti wa kaka yangu alipiga meza kwa kiganja, kikombe cha chai kikaruka, na Shallon akakidaka kabla hakijamwagia kibodi. Kiganja cha Mugeni si cha kuchezea. Ni kiganja cha jembe. Siku moja alipiga makofi kanisani kwetu Lumino, upande wa Uganda, wakati wa sadaka, na popo waliokuwa darini wakahamia Kenya, hawajarudi mpaka leo.

"Andika polepole," akasema. "M, u, ge, ni. Mugeni binti Sanya."

Shallon akaandika polepole. Mashine ikafikiri kidogo, ikatoa jibu lile lile.

Tulikuwa watano ndani ya kibanda cha Shallon cha kuchapa na kunakili, upande wa Kenya, ukishavuka tu mpaka wa Busia. Shallon mwenyewe kwenye kiti chake cha kuzunguka. Mugeni amemwinamia begani. Arthur, mjukuu wangu, mwalimu na katibu wa ukoo, amesimama nyuma yao akisafisha miwani ambayo haikuwa chafu. Maloba, mdogo wake Mugeni, yuko kwenye kistuli karibu na mlango, kijiti mdomoni, macho nje. Na mimi nimekalia kiti cha wateja, kwa sababu mtu wa umri wangu akisimama sana huota mizizi. Iliwahi kunipata sokoni, wakanichimba kwa jembe.

Tulikuwa tumekuja kwa jambo dogo. Mugeni alitaka achapishiwe ukurasa mmoja tu wa kitabu cha ukoo wetu, ule wenye maneno ya mwisho ya baba yake, auweke nyumbani kwake. Kesho yake, Jumapili baada ya ibada, mkuu wa ukoo, Mzee Egessa, angekigonga muhuri kitabu kizima. Na sisi tulikwisha kuapa kanisani kwamba kilichogongwa muhuri ndicho neno, na midomo yote ifungwe. Tuliapa hivyo kwa sababu mwaka uliopita ndugu wa tumbo moja walikatana mapanga kwa ajili ya mpaka wa shamba, huyu akisema baba aliniambia hivi, yule akisema baba aliniambia vile. Baba mwenyewe kimya, ameshakuwa udongo.

Kitabu ni kirefu. Ukitaka kukipekua ukurasa kwa ukurasa utafika mwisho una mvi. Lakini Shallon hapekui. Kule juu kuna kisanduku chembamba, anaandika jina la mtu, na mashine inakwenda yenyewe kumtafuta, kama unavyoita kuku na konzi ya mtama. Ukiita vizuri wanakuja wote mbio. Shallon ameita Mugeni, na hata kifaranga hakikutokea.

"Labda baba hakusema," Maloba akasema, bila kugeuka.

"Ulikuwepo, Maloba."

"Nilikuwepo. Lakini dada, masikio ya mtu aliyefiwa yanasikia mengi."

Huyu Mugeni mimi ndiye niliyempokea kutoka tumboni. Siku ile boma la kaka yangu Sanya lilijaa wageni waliotoka ng'ambo ya mto Sio, wameleta ng'ombe wa mahari ya dada yetu mdogo. Mama yake anakoroga sufuria kubwa kuliko yeye, mtoto akasikia harufu ya nyama, akakataa kungoja miezi yake itimie. Akatoka na meno mawili, akanitazama usoni, akauliza chumvi iko wapi. Kaka yangu akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, wageni wote wa leo wamekuja kwa miguu, mgeni mkubwa ni huyu aliyekuja kwa kichwa. Na sisi hatusemi mgeni, sisi midomo yetu ya Lumino inasema mugeni. Likawa jina.

Alisoma mpaka akajua kulitambua jina lake likiandikwa ubaoni. Basi. Wakamwambia inatosha, sasa asome Maloba. Akashika jembe. Akaja Owor wa kijiji cha Petta na baiskeli yenye kengele mbili, na ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya Mugeni hawakulala sana zizini. Wakauzwa mmoja mmoja, na kila mmoja akawa muhula wa shule ya Maloba. Yule mwenye pembe iliyopinda alimfikisha sekondari.

Huko Petta alilima kama aliyeahidiwa mbingu. Kule walimwita mtu wa kuja. Hata alipowazalia watoto wawili, Provia na Opendi, bado mama mkwe akihesabu vikombe alihesabu vya nyumbani, kisha kile cha mtu wa kuja. Owor akaanza kwenda Rubongi, kwenye vile vibanda karibu na kambi ya jeshi, eti kuuza mkaa. Mkaa ukaisha, Owor asirudi. Alikuwa amepata mwanamke mwenye duka na redio.

Mugeni akarudi Lumino. Provia kwa mkono, Opendi mgongoni, na Opendi alikuwa anachemka kama chungu. Hakuchemka siku nyingi. Kwa desturi mtoto hulazwa kwa baba yake, kwa hiyo tulituma watu Petta, tukangoja. Tukangoja. Hakuja Owor, hakuja ndugu wa Owor, haikuja hata ile baiskeli. Ndipo kaka yangu Sanya alipochukua sepeto mwenyewe, akasema mjukuu wake hataoza akingoja kengele. Akamzika kwenye shamba la chini, karibu na maji, na watu wakanong'ona kwamba Sanya ameharibu mila. Akawaambia mila ikija na jeneza ataipisha.

Tangu hapo shamba la chini likawa la Mugeni. Lilikuwa matete na vyura. Aliyang'oa matete kwa mikono, akachimba mifereji, akapanda muhogo mzuri sana. Muhogo wa pale nimeuona mwenyewe, mmoja tuliuvuta Jumatatu, Alhamisi ukawa bado unatoka, na mkia wake ukakutwa Tororo chini ya lile jiwe kubwa kama mlima. Ndio anaoukaanga stendi ya Busia kila siku. Na pale stendi, pande zote mbili za mpaka, hakuna anayemjua Mugeni. Wanamjua Mama Provia wa mihogo. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake hukunjwa likawekwa sandukuni kama shuka jipya, na hutoka siku anapokufa, ili padre awe na la kusoma.

Kaka yangu alipokuwa anaondoka, tulikuwa wanne kitandani pake. Mimi, Mugeni, Maloba na katekista, na katekista naye kaburi lake sasa limeota nyasi. Sanya alisema kwa sauti ndogo lakini iliyonyooka: shamba la chini, kutoka kwenye mvule mpaka majini, ni la Mugeni, mtu asimfukuze.

Hayo ndiyo maneno tuliyokuja kuchapisha.

Arthur akavaa miwani. "Shallon," akasema, kwa ile sauti yake ya darasani, "kitabu hiki nilikiandika mimi kwa mkono wangu, hapa hapa, wazee wakisema na mimi nikipiga. Mugeni nilimwandika. Umefanya nini humu ndani?"

"Mimi? Si ulinipa kazi, mwalimu? Ulisema nisafishe Kiswahili kabla ya kuchapa."

"Ndiyo. Ulisafishaje?"

"Aa, hiyo Swa ya upande wenu ilikuwa imejaa u kila mahali. Mutu, mutoto, mukubwa, mupaka. Ningesoma yote ningemaliza Krismasi." Akazungusha kiti, akatuonyesha kwa kidole. "Kuna hii hapa, tafuta na badilisha. Unaiambia, kila ukikuta mutu weka mtu. Unabonyeza hii, badilisha zote. Inatembea kitabu kizima yenyewe, unakunywa chai. Mutoto ikawa mtoto. Mukubwa ikawa mkubwa. Mu..."

Akanigeukia.

"Mu nini?" nikauliza.

"Shosh..." akasema, na shosh kwao ndiye bibi.

"Mu nini, mtoto?"

"Mugeni. Ikawa mgeni."

Kile kifeni kidogo ndani ya tumbo la mashine kiliendelea kupuliza. Halafu Maloba akaanza kucheka. Alicheka puani kwanza, akatoa kijiti mdomoni ili acheke vizuri.

"Umenitoa u," Mugeni akasema.

"Sikujua ni jina! Haki ya Mungu. Kwangu wewe ni Mama Provia. Nakula mihogo yako kila siku, nilijuaje una jina lingine?"

"Irudishe."

"Nilishasevu. Nilisevu juu ya ile ya kwanza, nikafunga. Ukishafunga, mashine inasahau ilikuwa wapi."

"Wewe si umesema inabadilisha kitabu kizima ukinywa chai? Kunywa chai uirudishe!"

"Nikifanya hivyo, kila mgeni aliyemo kitabuni atakuwa wewe. Wageni wa harusi, wageni wa matanga, wote watakuwa Mugeni."

"Hata kiboko?" nikauliza.

"Hata kiboko, nyanya," akasema Arthur, na akafumba macho.

Niwaeleze huyu kiboko. Arthur alipokuwa anaandika kitabu, wazee wengine walikuja na mipaka na mahari. Mimi nilimpa habari za maana. Nilimsimulia jinsi kiboko alivyotoka ziwani Majanji, akapanda hadi Lumino kuhudhuria matanga ya babu yetu, kwa sababu walikuwa wanadaiana salamu. Arthur aliandika, kwa kuwa ukoo ulisema kila mzee aandikwe.

"Basi tutafute mgeni mmoja mmoja," akasema Arthur. "Penye mtu, turudishe. Penye mgeni, tuache."

Shallon akaandika mgeni kwenye kile kisanduku. Sasa kuku wakaja! Kando ya kioo ukatokea msururu kama siafu, na kila akibonyeza kishale kitabu kinaruka, kinatua mahali pengine, na neno linawaka manjano. Arthur akasoma la kwanza kwa sauti.

"'Yule mgeni alikula mahindi magunia mawili, akalala mlangoni pa jiko, akajamba mpaka paa likainuka.'"

"Dada!" Maloba akapiga goti lake. "Siku hiyo ulikula nini?"

"Nenda linalofuata," akasema Mugeni.

"'Akaja mgeni mweupe wa serikali, amevaa kaptura, na ndani ya kaptura watu waliona mkia.'"

"Senge," Maloba akaniambia, na senge ndiyo shangazi kwa lugha yetu, "kumbe ni huyu uliyempokea na meno?"

"Wewe nilikupokea bila haya," nikamjibu. "Nilitafuta kila mahali kitandani, sikuziona."

"Nenda linalofuata!" Mugeni akasema tena, na safari hii sauti yake ilipasuka katikati.

Shallon aliona hilo. Si msichana mbaya. Akasogeza kikombe chake mbali, akavuta kiti karibu. "Ngoja. Ngoja, Mama Provia. Jina la mtu linaanza na herufi kubwa, sivyo? Na mashine ilipobadilisha haikugusa ukubwa. Palipokuwa na M kubwa iliacha M kubwa. Niiambie itafute yenye M kubwa peke yake, wale wageni wengine wabaki huko huko na kiboko wao."

Akatia alama kwenye kiboksi fulani, akabonyeza. Ule msururu wa siafu ukapungua mara moja, ukabaki mfupi, unaotazamika. Kitabu kikaruka, kikatua.

"'Ndiyo siku hiyo Mgeni alizaliwa nyumbani kwa Sanya.'"

Mugeni akaweka kidole kwenye kioo, juu ya neno lile. "Ni mimi," akasema.

"Ni wewe. Narudisha u." Tik.

Kikaruka tena. "'Mgeni aliolewa Petta na Owor.'" Tik. "'Ng'ombe wa Mgeni walimsomesha Maloba.'"

"Hapo soma tena," nikasema. "Wengine hawakusikia, wanaangalia barabara."

"Rudisha, rudisheni tu," akasema Maloba, akipunga mkono. "Nani amekataa kwamba alizaliwa? Nani amekataa kwamba aliolewa?" Na kweli alikuwa anatazama barabara. Tangu tuingie alikuwa anatazama barabara, kisha simu, kisha barabara. Nilidhani anaogopa askari wa jiji kuhusu pikipiki aliyoiegesha vibaya.

Mugeni alikuwa ameanza kupumua. Kila u iliyorudi, mabega yake yalishuka kidogo. Kidole chake kilitembea pamoja na lile neno la manjano kama mama anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea. Kitabu kikaruka mara ya mwisho, halafu mashine ikaandika kitu.

"Imefika mwisho," akasema Shallon.

"Mwisho? Na ya baba?"

"Hiyo haikuja."

"Inakataaje kuja? Ndiyo niliyoifuata!"

Shallon akafungua upande wa kushoto, mahali ambapo vichwa vya sura vimepangwa kimoja chini ya kingine, ukigusa kimoja unapelekwa nyumbani kwake moja kwa moja. Akagusa Maneno ya Marehemu Sanya. Kitabu kikaenda. Na kabla Arthur hajasoma mimi nisiyejua kusoma niliona kuna jambo, kwa sababu ukurasa ule haukufanana na mingine. Ulikuwa umesimama wima kama uzio.

"SHAMBA LA CHINI," Arthur akasoma, "KUTOKA KWENYE MVULE MPAKA MAJINI, NI LA MGENI. MTU ASIMFUKUZE."

Shallon akainama karibu na kioo.

"Yote ni herufi kubwa," Shallon akasema polepole. "Ndiyo maana iliruka. Niliitafutia yenye M kubwa na nyingine ndogo. Hapa zote kubwa. Hapa... hapa jina na mgeni wa kawaida havitofautiani."

"Nani aliandika herufi kubwa?" akauliza Maloba, na alijua.

Tulijua wote. Siku ile Arthur anaandika, Mugeni alitoka stendi mbio na mafuta bado yananukia kwenye nguo, akamwomba: maneno ya baba yaandikwe makubwa yote, mwalimu, hata mzee asiye na miwani ayaone. Ilikuwa heshima. Hakuna maneno mengine kitabuni yaliyopewa heshima hiyo.

"Basi imekwisha," akasema Maloba, akasimama kujinyoosha. "Baba alikuwa mkarimu. Aliacha mahali pa wageni kufikia. Na mimi sipingi neno la baba. Yule tajiri Okurut, anayelitaka lile shamba, anatoka Tororo, si wa kwetu, hana hata shangazi Lumino. Huyo ni mgeni halisi. Nitampa shamba la chini apange malori yake ya saruji, na mtu asimfukuze."

"Opendi yuko pale," akasema Mugeni.

"Opendi ni mtoto wa Petta."

"Opendi yuko pale, Maloba! Watapitisha malori juu ya mtoto?"

"Tutamzungushia mawe."

"Umesoma kwa ng'ombe wangu," Mugeni akamwambia, na alimwambia kwa sauti ya chini, ile mbaya, "leo unanisomea mimi."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umelimishwa miaka mingi, dada. Shukuru."

Nikainuka. Magoti yalilia, lakini niliinuka. "Mimi nilikuwepo," nikasema. "Masikio haya yalimsikia Sanya. Alisema Mugeni, na alimshika mkono aliposema. Arthur, andika hilo."

Maloba akanigeukia kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Senge. Ukurasa gani unataka tuuandike? Ule wa kiboko, au ule wa mkia wa mzungu? Kesho utasimama kanisani mbele ya Mzee Egessa useme ulisikia. Watakuuliza, na popo walihamia lini? Na lile jiwe la Tororo, si ulisema ulipokuwa msichana lilikuwa dogo kama kiazi?"

"Lilikuwa dogo."

"Mnasikia?"

Nilimtazama Arthur. Arthur alitazama sakafu. Nilimtazama Mugeni, mtoto niliyempokea kwa mikono hii, nikingoja aniambie kaa senge, usimjibu.

"Ungeniachia hata ukweli mmoja, senge," akasema. "Mmoja tu. Ungeuweka kando, usiutie chumvi, nikaja kuukuta leo."

"Kiboko alikuja," nikasema.

"Ndiyo. Najua alikuja."

Nikakaa. Kile kiti cha wateja kina mguu mmoja mfupi, na kilicheza chini yangu, na hakuna aliyecheka.

Arthur alikuwa wa kwanza kuzungumza. "Kuna njia. Mzee Egessa hajagonga muhuri. Nitampigia sasa, nimweleze kosa la mashine. Akikubali, Shallon anarudisha ile u moja mbele yetu sote, tunachapa upya, kesho anagonga."

"Akikubali," akasema Maloba.

"Shallon, kuna nakala yoyote iliyotoka tayari?"

"Moja tu. Jana jioni Maloba alichukua kitabu kizima, akasema anakwenda kukisoma."

"Kusoma ni dhambi?" akasema Maloba. "Si mmesema nimesomeshwa?"

Arthur akapiga simu. Yule mwanamke wa kwenye simu akamwambia mteja hapatikani. Akapiga tena. Akatoka nje, akanyanyua simu juu kama anayemwonyesha Mungu, akarudi. Hapatikani.

"Mzee huyo yuko kwenye bodaboda mahali fulani," akasema. "Tungoje."

"Sitangoja," akasema Mugeni. "Shallon, weka u."

"Mama Provia, mwalimu amesema..."

"Mimi siitwi Mama Provia. Naitwa nani?"

"Mugeni."

"Weka u."

"Akiigusa ni wizi!" Maloba akapaza sauti kwa mara ya kwanza. "Ni kumtilia marehemu maneno mdomoni! Arthur, wewe ni katibu, utaruhusu?"

"Petta waliniita mtu wa kuja," Mugeni akasema. Hakuwa anamjibu Maloba, alikuwa anaongea na ule ukurasa uliosimama kama uzio. "Nilinyamaza, nikajua nina kwetu. Nimerudi kwetu, mashine imeniita mtu wa kuja. Sasa nikanyamazie wapi? Mwalimu, u ni kidude gani? Si kama kikombe hakina mkono? Kidude kama hicho ndicho kitamfukua mwanangu?"

Arthur alivua miwani, akaishika. "Weka," akasema. "Nitajibu mimi mbele ya mzee."

"Arthur!"

"Weka, Shallon. Nitajibu mimi."

Shallon akapeleka kile kishale kati ya M na G. Kikasimama pale kikipepesa, kijistari chembamba, kinakuja kinakwenda, kinakuja kinakwenda. Mugeni alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Shallon akainua kidole. Maloba akapiga hatua moja kutoka mlangoni, na mimi nikanyoosha fimbo yangu kumpinga, na wote tulikuwa tunasema kwa pamoja, mimi nikimtukana, Arthur akimwambia akae, Maloba akisema polisi, polisi, ndipo mwanga wa mlangoni ulipozibwa.

"Hodi humu. Kumbe mko wote?"

Alikuwa Mzee Egessa, kofia kifuani, vumbi la barabara ya Lumino mpaka kwenye nyusi. Kwapani alikuwa na kitabu kinene cha karatasi mpya kilichofungwa kwa uzi, ile nakala aliyoichukua Maloba jana.

"Maloba mwanangu, nimekuja kama ulivyonihimiza, nisikusumbue kesho na kelele za kanisa. Nimegonga kurasa zote tangu asubuhi, hata mmoja sikuuacha." Akatunyooshea vidole vyake, na vilikuwa vya zambarau mpaka kwenye vifundo. "Lakini wino wa muhuri huu hautoki. Kuna maji hapa ninawe, wanangu?"

Kidole cha Shallon kilikuwa bado hewani.

Mugeni ndiye aliyeinuka kutoka mezani. Alichukua jagi pale kwenye pembe, akapiga goti mbele ya mzee kama binti wa nyumbani anavyopaswa, akaanza kummiminia.